Kupanga njia za leza kwenye mashine ya CNC: kibao cha mninga hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa fundi mwenye mashine ndogo ya CNC ya mbao (inayochonga ikiongozwa na kompyuta) ambaye amefunga kichwa cha leza pembeni ya mota ya kuchongea na sasa anataka kuandika. Kazi tutakayoifuata inajulikana Bagamoyo: kibao cha nyumba ya wageni. Mninga wa milimita 300 kwa 150, unene 18, jina katikati, fremu ya mnyororo kama ile ya miimo ya milango ya Mji Mkongwe, na picha ndogo ya jahazi kwenye kona. Leza ni ya daiodi ya bluu yenye wati 5 za mwanga, na bodi, yaani saketi inayoongoza mashine, inaendeshwa na programu ya GRBL 1.1. Kama kichwa chako kimeandikwa wati 40, soma karatasi yake vizuri. Mara nyingi hizo ni wati za umeme unaoingia, na mwanga unaotoka ni sehemu ndogo tu ya hapo.

Jambo moja linabeba mengine yote. Leza ikisimama haipumziki, inaendelea kuunguza. Kwa hiyo kupanga njia zake ni kuamua kila milimita ya mbao ipate moto kiasi gani, yaani nguvu ikigawanywa kwa kasi. Karibu kila kasoro utakayoiona kwenye kibao ni mahali ambapo uwiano huo ulivurugika bila wewe kuagiza.

Na leza haichongi. Mteja anayetaka nakshi yenye kina, ya kupapasa kwa kidole, mpeleke kwa fundi wa patasi, Bagamoyo wapo.

Kabla ya kuwasha

Mwanga wa bluu wa leza hii, nanomita 450, kwa nguvu hii ni wa daraja la 4, lenye hatari kuliko yote. Hata ule uliodunda kwenye kichwa cha skrubu unaweza kuharibu jicho kabla hujapepesa. Miwani iwe imeandikwa wigo unaojumuisha 450 na kinga ya OD 4 (kipimo cha kuzuia mwanga) au zaidi. Miwani ya jua haihesabiki, na ile iliyokuja bure na mashine bila maandishi hayo itupe. Kila aliyemo chumbani avae, hata mteja aliyekuja kuchungulia tu.

Usiunguze PVC, rexini wala ngozi bandia ya viti. Hutoa kloridi ya hidrojeni, gesi inayochoma mapafu na kutia kutu reli za mashine. Tepu nyeusi ya umeme nayo ni PVC, kwa hiyo usiitumie kushikilia mbao mahali leza itapita. Mpingo nao uuache: ni mweusi tayari, maandishi hayaonekani, na moshi wake unawasha koo.

Mtungi wa kuzimia moto au ndoo ya mchanga uwe karibu, na mashine isiachwe peke yake. Halafu angalia yuniti za LUKU. Kibao hiki kinachukua zaidi ya saa moja, na umeme ukikatika katikati ya herufi ni vigumu sana kuunganisha bila alama. UPS ya kawaida ya kompyuta inabeba bodi, leza na kompyuta bila shida, maana mota ya kuchongea haifanyi kazi wakati huu.

Bodi

Tuma mistari hii mitatu:

$30=1000
$31=0
$32=1

$32=1 inaiambia bodi kwamba sasa kilichofungwa ni leza. Bila hiyo, bodi inadhani inaendesha mota, na kila nguvu inapobadilika inasimama kidogo kusubiri mota ishike kasi. Kila kisimamo ni nukta nyeusi. Ikiwa imewekwa, nguvu hubadilika huku kichwa kinatembea, na kila mwendo wa G0 (amri ya kuhama bila kuunguza) huzima mwanga.

$30 ndiyo inayowachanganya wengi. Hii ni namba ambayo bodi inaihesabu kuwa nguvu kamili, na lazima ilingane na ile iliyomo kwenye programu unayotumia, iwe LightBurn au LaserGRBL. Bodi ikiwa na 1000 na programu ikaishia 255, ukiagiza asilimia 100 unapata robo tu. Ikiwa kinyume, kila kitu juu ya asilimia 25 hivi kinakuwa nguvu kamili: ukiweka 30 au 80, rangi ni ileile. Ukiona hivyo, usihangaike na leza, nenda kwenye $30.

Kuhusu nyaya: waya wa ishara utoke kwenye pini ya leza ya bodi, si kwenye tundu la mota. Tundu la mota kwenye mashine nyingi ndogo hutoa volti 24, na kichwa cha volti 12 kinaungua papo hapo. Chomoa mota kabisa, kwa sababu kwenye bodi nyingi ishara ya leza na ya mota ni moja. Washa bodi kwanza na leza mwisho; wakati wa kuzima, anza na leza. Baadhi ya bodi hurusha mwanga kwa sekunde wakati zinaamka.

Fokasi

Usikisie kwa macho. Chukua ubao wa urefu wa milimita 200, inua ncha moja kwa kipande cha milimita 20. Sasa kila milimita 10 za urefu ni milimita 1 ya kimo. Pandisha kichwa hadi katikati ya mteremko iwe kwenye umbali aliotaja mtengenezaji, hakikisha hakitagonga ncha ya juu, kisha chora mstari mmoja mrefu kwa nguvu ya asilimia 30 na kasi ya milimita 600 kwa dakika.

Mstari utaanza mnene na wa kahawia hafifu, utakonda na kuwa mweusi, kisha utanenepa tena. Tafuta mahali palipokonda kuliko pote. Rudisha kichwa juu ya hapo na upime kwa venia kutoka mdomo wa chini wa leza hadi kwenye mbao. Kata kipande cha mti cha kimo hichohicho, kitoboe, kifunge kamba, kitundike kwenye mashine. Hicho ndicho kipimo chako hadi siku utakayobadilisha lenzi.

Unene wa mstari hubaki mzuri kwa takriban nusu milimita juu na chini ya hapo, hauvumilii zaidi. Mbao za pwani hunywa unyevu na kupinda, na mninga uliokaa barazani usiku mmoja unaweza kuwa na tumbo la milimita nzima. Mwenye CNC ana bahati hapa: pitisha biti bapa (kisu kinachozungushwa na mota) juu ya uso wote, milimita 0.5 kwa pito hadi pote paguswe, kisha msasa namba 180, na uunguze siku hiyohiyo. Uso unakuwa sambamba na reli, si tu ulionyooka.

Mchoro

Fremu ya mnyororo inapatikana kwa kupiga picha mwimo wa mlango ukiwa umesimama sawasawa mbele yake, kisha kuifuatisha kwenye Inkscape, programu ya kuchorea. Programu itakupa mistari miwili kwa kila ukanda, kingo ya kushoto na ya kulia. Ukitaka mstari mmoja wa katikati, chora upya kwa mkono juu ya picha. Inachukua muda mfupi kuliko kusafisha takataka za programu.

Geuza herufi zote ziwe maumbo. Fonti za mwandiko wa mkono zina herufi zinazopandana, na wakati wa kujaza, pale zinapopandana panabaki tundu jeupe, kwa hiyo ziunganishe kuwa umbo moja. Kisha tafuta mistari iliyonakiliwa mara mbili. Haionekani kwenye kioo, lakini leza itapita mara mbili na sehemu hiyo itakuwa nyeusi kuliko nyingine. Njia ya haraka ni kubofya mstari, kuufuta, na kuona kama kuna mwingine chini yake.

Toa rangi kwa kazi: bluu kwa picha, nyeusi kwa kujaza, nyekundu kwa mstari. Programu zitakupa tabaka tatu tofauti za kupangia kasi na nguvu.

Jaribio

Hakuna jedwali la mtandaoni litakaloujua mninga wako. Geuza ubao uleule nyuma na uchome visanduku 16, kila kimoja milimita 8, vikiachana milimita 2. Safu za kasi: 600, 900, 1200, 1500. Mistari ya nguvu: asilimia 30, 45, 60, 80. Umbali kati ya mstari na mstari uwe milimita 0.1.

Pitisha kidole. Kisanduku kizuri ni cha kahawia iliyokolea, kingo kali, na kidole kinatoka karibu safi. Kilichozidi moto kina utando wa njano pembeni, ndani kimeng'aa kama mkaa, na ukikifuta rangi inaondoka na masizi. Kilichopungua kina milia, maana vishipa laini vya mbao vimeungua na vigumu vimebaki. Mafundi wengi huchagua kisanduku cheusi kuliko vyote, nao hukosea: weusi wa mkaa haudumu chini ya vanishi.

Kwa mfano huu tuchukue 1200 na asilimia 60 kwa kujaza. Mbao yako inaweza kusema vingine. Msaji wa Longuza kule Muheza una mafuta, moshi wake unaganda pembeni. Ubandike tepu ya karatasi ya mafundi rangi na uongeze nguvu kidogo.

Njia zenyewe

Zipangwe kwa mfuatano huu: picha, kujaza, mstari, na mwisho kabisa kukata kwa biti. Ukikata mapema, kipande kinalegea na kila kinachofuata kinahama.

*Picha ya jahazi.* Ukubwa wa milimita 30 kwa 30 na umbali wa 0.1 ni nukta 10 kwa milimita, yaani picha ya pikseli 300 kwa 300. Iandae kwa ukubwa huo kabla. Ukiingiza picha ya simu ya pikseli 4000, programu itaipunguza kwa namna yake na tanga la jahazi litakuwa doa. Ongeza tofauti ya mwanga na giza hadi ikuudhi machoni. Kwenye mbao tumia mtindo wa nukta-nukta, ambapo kila nukta ama inaungua ama haiungui. Mtindo wa vivuli, ambapo nguvu hupanda na kushuka, unataka mti mweupe wa rangi moja. Mninga una mawimbi yake na yataimeza picha.

Kasi ya picha ina dari. Katika vivuli, kila pikseli inaweza kuwa amri moja. Kwa milimita 3000 kwa dakika hizo ni amri 500 kwa sekunde, kila moja ikiwa na herufi 10 au 12. Waya wa USB kwa kasi ya baudi 115200 hubeba herufi kama 11,500 kwa sekunde, na bodi ndogo inatakiwa pia kupiga hesabu za mwendo. Inaanza kugugumia, na kila kigugumizi kinaacha alama. Kwa 1200 unashuka hadi amri 200, hapo inapumua.

*Kujaza jina.* Eneo la milimita 200 kwa 40 kwa umbali wa 0.1 ni mistari 400 ya milimita 200, jumla mita 80. Kwa kasi ya 1200 ni dakika 67 bila kuhesabu kuruka nafasi tupu. Ukipanua umbali hadi 0.13 inashuka hadi dakika 51 hivi, na kwa doa la daiodi jicho ni nadra kuona tofauti. Fanya hesabu hii kabla ya kumtajia mteja bei.

Mistari ipite kwa mhimili wa X. Kwenye mashine ndogo nyingi, X hubeba kichwa tu, ila Y husukuma meza nzima na mbao juu yake. Kuirusha meza mamia ya mara huku na huku kunalegeza kila skrubu.

Weka ziada ya mbio, yaani nafasi ambayo kichwa kinashika kasi kabla ya kuwasha mwanga na kupunguza baada ya kuuzima. Kiasi chake ni kasi kwa kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya mchapuko ulioandikwa kwenye $120. Kasi ya 1200 ni milimita 20 kwa sekunde. Mchapuko ukiwa 100, ni 400 gawanya kwa 200, milimita 2. Ukiwa 50, milimita 4. Bila ziada hii, kingo za kushoto na kulia za kila herufi huwa nyeusi kuliko tumbo lake. Kumbuka kichwa kitatoka nje ya mchoro kwa kiasi hicho, sogeza vibano.

*Mstari wa fremu.* M3 na M4 zote ni amri za kuwasha leza, na hapa M4 ndiyo inayookoa kazi. M3 hutoa nguvu ileile iwe kichwa kinakimbia au kinatambaa, kwa hiyo kila pembe ya mnyororo, ambapo lazima kipunguze mwendo, inapata shimo. M4 hushusha nguvu pamoja na kasi: umeagiza S500 (nguvu) kwa F1000 (kasi), kwenye pembe kichwa kikishuka hadi 250, nguvu inashuka hadi kama S125. Kikisimama, mwanga unazimika. Tumia M4 kwa kuandika kote, na M3 iache kwa kukata plaiwudi nyembamba. Ukitaka mstari uzame zaidi, pita mara mbili. Kupita mara moja polepole kunapanua mkaa tu.

Sasa kosa la waliotoka kwenye kuchonga: kutoa faili kwa mpangilio uleule wa biti. Faili hiyo itakuwa na mishuko ya Z (kimo cha kichwa) na vituo vya G4 kusubiri mota. Kila mshuko unaharibu fokasi na kila kituo kinatoboa. Fungua faili kwa programu ya maandishi ya kawaida na utafute herufi Z na G4. Ikiwa zimo, chagua mpangilio wa leza na utoe upya. Mwanzo mzuri unafanana na huu:

G21 G90 G55
M4 S0
G0 X48 Y55
G1 X62.4 F1200 S600
G1 X65.1 S0

na mwisho wake M5, ya kuzima leza.

Sifuri mbili

Leza haipo mahali palipo biti, kwa hiyo kila moja iwe na sifuri yake, yaani mahali vipimo vinapoanzia: G54 kwa biti, G55 kwa leza. Umbali kati yao unapimwa mara moja tu. Funga biti yenye ncha, gusa mbao ya majaribio, na paite hapo X0 Y0 kwenye G54. Pandisha biti, kisha sogeza kichwa hadi mwanga hafifu wa leza ukae juu ya nukta hiyohiyo. Ili mwanga uwake ukiwa umesimama, tuma G1 F500 kisha M3 S10, ukimaliza, M5. Soma namba za G54 wakati huo, tuseme X47.3 Y-3.15, na uziandike kwa wino kwenye fremu ya mashine.

Kwa kila kazi mpya, weka sifuri ya biti, nenda G54 X47.3 Y-3.15, tuma G10 L20 P2 X0 Y0. G55 imekaa. Umepoteza karibu milimita 47 za meza upande mmoja, kwa hiyo usiweke mbao ukutani mwa mashine.

Kuendesha

Kwanza kichwa kizunguke mpaka wa mchoro kwa mwanga hafifu. Feni ya moshi itoe nje kwa upande ambao upepo unatoka chumbani, si ambao unaingia. Wakati wa kusi, dirisha la kusini mashariki linakurudishia moshi wote juu ya lenzi. Hewa ndogo ya kupuliza kwenye doa inatosha, hata pampu ya tangi la samaki inafaa. Kompresa bila chujio la maji ni balaa huku pwani, inatema matone juu ya mbao.

Ukiona rangi inafifia taratibu kuelekea mwisho wa kazi, ni lenzi imepata masizi au chumvi. Zima, acha ipoe, ifute kwa pamba yenye spiriti safi. Fokasi na nguvu usizibadilishe.

Kingo za herufi zikiwa kama meno ya msumeno, mistari ya kwenda na ya kurudi haikutani. Shika kichwa ukitikise: kikicheza, kaza nati ya skrubu ndefu. Kama hakichezi, leza inachelewa kuwaka, na programu nzuri zina sehemu ya kusahihisha hilo. Kuunguza kwa kwenda tu kunaondoa tatizo, ila muda unakaribia mara mbili.

Mchoro ukihama ghafla katikati, kama herufi tatu za mwisho zimepanda milimita 2, mota ya mhimili imeruka hatua. Punguza $120 au $121 (mchapuko wa X au wa Y) kabla ya kulaumu programu.

Kumalizia kwa biti

Ondoa kichwa cha leza kabisa kabla ya kukata umbo la nje; vumbi la mninga hupenya hadi kwenye lenzi hata ukiifunika mfuko. Rudisha $32=0. Ukisahau, bodi haitasubiri mota ishike kasi, na biti itaingia kwenye mbao ikiwa inazunguka polepole. Chagua G54, kata kwa mapito ya milimita 2, na uache vishikizo vinne ili kibao kisiruke.

Futa masizi kwa brashi laini kavu, kisha kitambaa chenye spiriti kidogo, ukifuata nyuzi za mbao. Mkono wa kwanza wa vanishi upulizwe, usipakwe, kwa sababu brashi huyabeba masizi ya herufi na kuyatandaza kwenye mbao safi. Ukishakauka na kupigwa msasa namba 320, mikono inayofuata unaweza kupaka kwa brashi.